Argwings-Kodhek: Wakili Aliyekikataa Kiti cha Mshtaki

Mwanafunzi wa Kenya anayesoma habari za Hali ya Hatari hufundishwa majina ya waliopigana msituni, majina ya wale sita wa Kapenguria, na pengine jina la wakili Mwingereza D.N. Pritt aliyevuka bahari kuja kuwatetea. Ni nadra sana afundishwe jina la Mwafrika ambaye katika miaka hiyo hiyo alikuwa akisimama kortini siku baada ya siku, pasipo waandishi wa habari kutoka London wala wapiga picha mlangoni, akiwatetea watu ambao majina yao hayakuwahi kuchapishwa popote isipokuwa katika hati za mashtaka. Huyo ni hayati C.M.G. Argwings-Kodhek, anayetambulika kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa wakili nchini Kenya. Wengi wetu leo tunalijua jina lake kwa sababu ya barabara ya Nairobi inayopita Hurlingham, na magari yanapokwama pale jioni hakuna anayeuliza huyu Argwings-Kodhek alikuwa nani.

Alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, katika Nyanza ya Kati ya wakati huo, ambayo leo ni sehemu ya Kaunti ya Siaya. Alisomea shule ya wamishonari wa Kikatoliki ya St. Mary's, Yala, kisha akaenda Makerere, na alipotoka huko akawa mwalimu. Walimu wanaosoma ukurasa huu na wajue basi kwamba wakili wetu wa kwanza alishika chaki kabla ya kushika kitabu cha sheria. Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya kikoloni ilimpa ufadhili wa kwenda Uingereza, naye akasafiri mwaka 1947 hadi Wales, akasome sayansi ya jamii. Hiyo ndiyo elimu iliyodhaniwa kumfaa Mwafrika mwerevu: arudi nyumbani awe afisa wa ustawi wa jamii, asimamie vilabu vya vijana na mabaraza ya wanawake, na mambo makubwa awaachie wenyewe.

Alikogeukia yeye ni sheria, ambayo haikuwa imo katika mpango wa waliomfadhili. Mkoloni hakupenda kugharimia wanasheria wa Kiafrika, na sababu yake si ngumu kuiona. Daktari hutibu, mhandisi hujenga daraja, lakini mwanasheria huuliza maswali. Huko India na Afrika Magharibi mawakili walikuwa wamekwisha kuwa mwiba kwa serikali, na maofisa wa Nairobi walikuwa wakisoma habari hizo vizuri. Hata hivyo kijana wa Gem alisoma, akafaulu, akakubaliwa kuwa wakili huko Uingereza mwaka 1951. Mwaka uliofuata alirejea nyumbani pamoja na mkewe, mwanamke kutoka Ireland.

Hapa inafaa tumwache kidogo njiani, tuitazame nyumba aliyokuwa akitarajiwa kuingia. Kwa maana asiyeijua nyumba hiyo hawezi kuupima uzito wa kuukataa mlango wake.

Utaratibu wa mashtaka ya jinai katika Kenya ya kikoloni ulitokana na kanuni zilizotiwa sahihi mwaka 1930, zilipoondolewa sheria za India zilizokuwa zikitumika hapa tangu mwisho wa karne ya 19. Kwa kanuni hizo, mashtaka yote yalikuwa mali ya Taji la Uingereza, na mwenye kuyasimamia kwa niaba ya Taji alikuwa Mkuu wa Sheria. Lakini Mkuu wa Sheria alikaa Nairobi na wasaidizi wachache, nayo nchi ilikuwa na korti za mahakimu kutoka Lamu hadi Lodwar. Ni nani basi aliyesimama kila asubuhi mbele ya hakimu kusoma mashtaka ya wizi wa kuku, kukosa kipande, kupika chang'aa na kutolipa kodi? Ni polisi. Inspekta, katika sare yake iliyopigwa pasi na mkanda uliong'arishwa, ndiye aliyeongoza mashtaka. Na mara nyingi jambo lenyewe lilikuwa limepelelezwa na askari wa kituo chake mwenyewe. Aliyekamata, aliyehoji, aliyeandika taarifa na aliyeshtaki walikula katika bwalo moja.

Kesi ilipokuwa nzito, kama vile mauaji au uchochezi, polisi walipeleka faili kwa ofisi ya Mkuu wa Sheria kuomba msaada. Huko mawakili wa Taji waliisoma, wakaeleza ushahidi ulipopungua, wakaandika hati ya mashtaka kwa lugha isiyoweza kuvunjwa, na ikibidi wakaja wenyewe kusimama katika Mahakama Kuu, iliyoitwa wakati huo Supreme Court. Msaada huu wa kisheria kwa mashtaka ya polisi si jambo baya katika asili yake. Mwanasheria mwadilifu anaweza kuizima kesi ya uonevu kabla haijafika kortini, na wapo waliofanya hivyo. Taabu ilikuwa kwamba upande mmoja ulikuwa na msaada na upande wa pili haukuwa nao. Mshtakiwa katika korti ya chini alisimama peke yake, mara nyingi hajui Kiingereza, akitafsiriwa na karani. Wakili wa kulipiwa na serikali alipewa yule tu aliyekabiliwa na kitanzi. Na hata katika Mahakama Kuu, Mzungu alihukumiwa mbele ya baraza la wazee wa jamii yake ambao uamuzi wao uliheshimiwa, ilhali Mwafrika aliwekewa washauri wa mahakama, ambao jaji aliweza kusikiliza maoni yao na kisha akaamua vingine.

Katika ofisi hiyo ya Mkuu wa Sheria ndimo nafasi ya Argwings-Kodhek ilimokuwa. Angeingia, angekuwa Mwafrika wa kwanza kuvaa joho akiwasaidia polisi kushtaki. Angekuwa pia pambo zuri la serikali, na maofisa walilijua hilo. Lakini mshahara aliowekewa haukuwa wa mwanasheria. Ulikuwa wa mwanasheria mweusi. Katika utumishi wa serikali wakati huo palikuwa na kanuni kwamba Mwafrika mwenye cheti kile kile na kazi ile ile alipata sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu, yaani shilingi 60 pale mwenzake alipopata 100. Kanuni hii haikuwa siri wala uvumi. Tume ya mishahara ya mwaka 1948 iliiacha iendelee, na ilingoja hadi katikati ya miaka ya 1950 ndipo ikaanza kufutwa. Argwings-Kodhek aliikataa. Aliona kwamba mtu anayekubali kuwa sehemu ya mtu katika daftari la mishahara hawezi kusimama mbele ya jaji na kudai kwamba sheria huwaona watu wote sawa.

Wako watakaosema kwamba alikataa kwa ajili ya fedha tu. Mimi sikubaliani nao. Kama shida yake ingekuwa fedha, angevumilia mwaka mmoja miwili, apande cheo, apewe nyumba na gari. Wapo waliofuata njia hiyo baadaye wakafika kileleni. Charles Njonjo, aliyerejea katikati ya miaka ya 1950 na kuingia utumishi wa serikali, ndiye aliyekuwa Mkuu wa Sheria wa kwanza Mwafrika mwaka 1963 na akakaa katika kiti hicho kwa miaka 16. Kwa hiyo njia ya serikalini haikuwa imefungwa. Argwings-Kodhek aliiona, akaipita. Alikwenda kufungua ofisi yake mwenyewe mjini Nairobi, katika mji ambao mitaa yake ilikuwa imegawanywa kwa rangi za watu, na ambao mume mweusi na mke mweupe hawakuwa na mtaa wao humo. Walowezi walimsema katika vilabu vyao. Na baadhi ya Waafrika, tusifichane, walimsema pia.

Aliporudi, mwaka wenyewe ulikuwa 1952. Tarehe 20 Oktoba Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, na usiku huo huo viongozi wa KAU wakakamatwa. Kesi ya Kapenguria ilifuata, na ni vyema walimu wa historia waieleze kama mfano wa msaada wa kisheria nilioutaja hapo juu ulipofikishwa kileleni. Aliyeongoza mashtaka alikuwa Anthony Somerhough, naibu wa mwendesha mashtaka mkuu, akisaidiwa bega kwa bega na afisa wa polisi Ian Henderson, aliyejua Kikuyu kama mzawa. Kesi ilipelekwa wilaya iliyofungwa, ambako mawakili wa utetezi hawakuwa na hoteli wala maktaba, wakalazimika kulala Kitale na kusafiri kila siku. Pritt mwenyewe alishtakiwa kwa kuidharau korti, akaachiliwa. Hakimu Ransley Thacker, ambaye alilipwa pauni 20,000 na serikali, alitoa hukumu tarehe 8 Aprili 1953: kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Shahidi Rawson Macharia, aliyekuwa ameahidiwa na serikali masomo ya Uingereza, aliapa mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo ulionunuliwa. Na kilichotokea ni kwamba alifungwa yeye kwa kiapo hicho cha pili, si kwa cha kwanza.

Argwings-Kodhek hakuwa katika jopo la Kapenguria. Sehemu yake ilikuwa chini zaidi, gizani zaidi, na kwa maoni yangu ilikuwa ngumu zaidi. Kuanzia mwaka 1953 serikali ilipitisha kanuni za dharura zilizoongeza makosa ya kunyongwa. Kukutwa na bunduki kulitosha. Kukutwa na risasi kulitosha. Kuwa pamoja na mwenye silaha kulitosha. Katikati ya mwaka huo zikaundwa korti maalumu za dharura ili kesi ziende mbio, na uchunguzi wa awali mbele ya hakimu, ambao ulikuwa ukimpa wakili nafasi ya kuusikia ushahidi mapema, ukaondolewa. Wakili aliyepewa kesi hizo na serikali alilipwa kidogo mno, alikabidhiwa karatasi akiwa amechelewa, na pengine alikutana na mteja wake asubuhi ile ile ya kesi. Mawakili wa Kihindi wa Nairobi na Nyeri walibeba mzigo mkubwa wa kazi hiyo, na historia yetu ina deni lao ambalo haijalilipa. Miongoni mwao alisimama Mwafrika mmoja. Walowezi walimwita wakili wa Mau Mau, wakidhani wanamtukana.

Wakili katika kesi kama hizo alikuwa na silaha moja hasa: maungamo. Mashtaka mengi ya polisi yalitegemea maneno ambayo mshtakiwa alidaiwa kuyasema kwa hiari yake baada ya kukamatwa. Kazi ya mtetezi ilikuwa kuuliza, kwa Kiingereza cha adabu na kwa uvumilivu wa mvuvi, mshtakiwa alikuwa wapi kati ya siku ya kukamatwa na siku ya kuandika; ni nani aliyemhoji; kwa nini alichechemea; daktari alimwona lini. Swali moja lililoulizwa vizuri liliweza kuyaondoa maungamo katika ushahidi, na mara nyingi kesi yote ikaporomoka pamoja nayo. Lakini si kila swali lilipata jaji wa kulisikia. Watu 1,090 walinyongwa katika Kenya ya Hali ya Hatari, idadi ambayo haikufikiwa katika koloni lingine lolote la Uingereza katika vita vya aina hiyo.

Yaliyotokea mwaka 1954 yanaonyesha kwamba Argwings-Kodhek na wenzake hawakuwa wakibuni mambo. Jaji Arthur Cram, alipokuwa akisikiza kesi ya mauaji iliyotokana na kituo cha homgadi huko Ruthagathi, wilaya ya Nyeri, alieleza katika hukumu yake jinsi watu walivyokuwa wakifungiwa pale, wakipigwa na kunyang'anywa mali, kisha wakapelekwa kushtakiwa kwa maungamo yaliyotolewa hivyo. Huyu hakuwa wakili wa Mau Mau. Alikuwa jaji wa Malkia. Mwaka huo huo Kanali Arthur Young, afisa wa polisi kutoka London aliyeletwa kuwa Kamishna wa Polisi, alijaribu kuwafanya polisi wachunguze hata maovu ya homgadi na maofisa wa utawala, wakiongozwa na sheria na si na mkuu wa wilaya. Aligonga ukuta. Kabla mwaka haujaisha aliamua kujiuzulu, baada ya miezi michache tu kazini. Na mnamo Januari 1955 Baring akatangaza msamaha: homgadi hawatashtakiwa kwa yale waliyokuwa wameyatenda kabla ya siku hiyo. Mashtaka, ambayo kwa maandishi yalikuwa mali ya sheria, yakawa yamegeuzwa mali ya Gavana, akiyatoa na kuyazuia kama mwenye ghala anavyotoa nafaka.

Ndipo Argwings-Kodhek alipoona kwamba korti pekee haitoshi. Mwaka 1955 serikali iliruhusu tena vyama vya siasa vya Waafrika, ila kwa wilaya moja moja, na Mkoa wa Kati ukaachwa nje. Yeye alitaka chama cha nchi nzima, akataka kukiita Kenya African National Congress. Msajili akakataa jina hilo. Kikasajiliwa mwaka 1956 kwa jina dogo la Nairobi District African Congress, na hata kwa jina hilo dogo kilikuwa chama cha kwanza cha Kiafrika kusimama Nairobi tangu KAU ilipopigwa marufuku mwaka 1953.

Katika uchaguzi wa Machi 1957, ambao ndio wa kwanza Waafrika wa Kenya kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, alisimama Nairobi akashindwa na kijana wa miaka 26, Tom Mboya, kwa kura chache. Wachunguzi wengi wa siasa huieleza habari hii kama ushindi wa mpangaji hodari juu ya msemaji hodari. Huenda. Ila tusisahau kwamba Wakikuyu wengi wa Nairobi, ambao ndio hasa aliowatetea kortini, hawakuwa na haki ya kupiga kura siku hiyo. Sheria ya uchaguzi ilimtaka Mkikuyu, Mwembu au Mmeru athibitishwe kwanza kuwa mtiifu kwa serikali. Wateja wake walikuwa vizuizini, au makaburini, au katika mitaa wasiyoruhusiwa kutoka.

Ya baada ya hapo nitayapita haraka, kwani yanafanana na ya wanasiasa wengine wa kizazi chake. Aliingia bungeni kwa kiti cha Gem mwaka 1963, akatumikia serikali ya Mzee Kenyatta, na kufikia mwaka 1968 alikuwa waziri anayeshughulikia mambo ya nje. Wapo waliomlaumu kwa kubaki katika KANU wakati Jaramogi Oginga Odinga alipotoka mwaka 1966 na kuunda KPU, na lawama hiyo ilikuwa kali hasa nyumbani kwake Nyanza. Usiku mmoja mwishoni mwa Januari 1969 gari lake lilipata ajali karibu na Hurlingham, naye akafariki akiwa na umri wa miaka 45 au 46. Serikali ilisema ni ajali ya barabarani. Watu wengi hawakuamini wakati huo, na wengine hawaamini hata leo, ingawa hakuna korti iliyowahi kuamua vingine. Uchaguzi mdogo wa Gem mwezi Mei ulichukuliwa na KPU. Mwezi Julai Mboya, yule mshindani wake wa 1957, aliuawa kwa risasi mjini Nairobi, na mwezi Oktoba KPU ikapigwa marufuku.

Na ile nyumba aliyokataa kuiingia? Tulipopata uhuru tulibadilisha bendera juu ya paa, tukaacha samani kama zilivyokuwa. Taji likawa Jamhuri, mawakili wa Taji wakawa mawakili wa serikali, na inspekta akaendelea kusimama mbele ya hakimu kwa mkanda wake ule ule. Aliyefutiwa kesi au aliyebuniwa kesi katika miaka ya chama kimoja alijua simu ilipigwa kutoka wapi. Mnamo 2003 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Elirema, ilibatilisha hukumu kwa sababu polisi aliyeongoza mashtaka alikuwa na cheo cha chini kuliko kile kilichotajwa na sheria, na wafungwa wengi nchini wakaanza kuulizia cheo cha afisa aliyewashtaki. Tazama jinsi swali la mwanasheria linavyoweza kulala miaka mingi kisha likaamka.

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyoyatoa mashtaka mikononi mwa Mkuu wa Sheria na kuyaweka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye Kifungu cha 157 kinasema hahitaji idhini ya mtu yeyote ili kuanzisha kesi. Sheria ya ofisi hiyo ikafuata mwaka 2013, na tangu wakati huo mawakili wameendelea kushika nafasi za polisi waliokuwa wakiongoza mashtaka katika korti za mahakimu. Mwalimu wa historia au wa somo la uraia anayetaka wanafunzi wake waone tofauti hiyo kwa macho yao anaweza kuwapeleka katika korti iliyo karibu na shule, kwani kesi nyingi husikizwa hadharani na mlango hauna kiingilio. Wamtazame anayesimama kusoma mashtaka amevaa nini, kisha wageuke waangalie kizimbani kama aliyeko humo ana mtu wa kumsemea.